Ndiva Iliyogoma Kuvuja

Kaa vizuri usikie, na kama una kicheko chako kitumie mapema, maana huko mbele kitakukwama kooni kama mwiba wa perege.

Mwaka wa tisa tangu milima ya Upare ianze kumezeshwa moshi wa dunia, Bi Nakiete wa Irondo alishuka mjini na kipande cha jiwe jeupe ndani ya kikapu. Alikifunika kwa jani la mgomba kama mtu anayepeleka nyama kwa wakwe. Alikuwa na miaka sitini na saba, magoti mabovu na ulimi mzima. Kazi yake ilikuwa kufungua ndiva, lile bwawa la udongo ambalo Wapare wamelichimba mlimani tangu enzi za mababu: usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi kizibo kinang'olewa, maji yanashuka kwa mifereji mpaka shamba la mwenye zamu.

Kampuni ya Mwamba-Hewa ilikuwa na jumba la vioo, na ndani ya jumba kulikuwa na madirisha manne: Mawe, Maji, Hewa, Viumbe. Bi Nakiete alianza na la kwanza.

"Jiwe hili limeota chini ya ndiva yangu," alisema. "Limeziba sakafu yote. Na tangu lizibe, chemchemi ya Makoreni kule chini imekauka."

"Limeota pakavu au majini?" aliuliza bwana wa Mawe.

"Ndiva ikiwa kavu si inaitwa shimo, baba? Majini."

"Basi nenda Maji."

Wa Maji alitaka kujua kama maji ya ndiva yana rangi au harufu. Bi Nakiete akamwambia hayana neno, yamejaa mpaka mdomoni. Yule binti akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo, mama, ndiva yako imejaa, na umetembea kutwa nzima kuja kulalamika?" Akamsukumia Hewa.

Wa Hewa alilipima lile jiwe kwa mashine, akafurahi mpaka akasimama. "Hongera sana mama! Limejaa pumzi tele!"

"Sikuja kupongezwa, nimekuja kushtaki."

"Ah. Mashtaka. Sasa aliyelijenga jiwe si hewa, ni vijidudu. Dirisha la nne."

Wa Viumbe alikuwa anakula karanga. Aliuliza kama vijidudu ni vizima. Bi Nakiete akasema ni vizima kuliko yeye. "Basi hatuna tatizo," akasema yule wa karanga. "Kama kuna kilichokufa, eleza."

"Chemchemi imekufa."

"Chemchemi si kiumbe, mama. Ni mawe na maji. Rudi la kwanza."

Hapo ndipo Bi Nakiete alipofunua kikapu, akalibwaga jiwe lake juu ya kaunta, karanga zikaruka.

"Mlima mmoja!" alisema, na sauti yake ikajaa jumba zima. "Mmeuchinja vipande vinne kama mbuzi wa matanga, kila mtu kaondoka na paja lake, halafu mnaniuliza mbona mbuzi halii!"

Mlinzi akamshika mkono kwa adabu, akamtoa nje.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Huko nchi za mbali walikuwa wamechoma makaa na mafuta miaka mia mbili na ushei, mpaka mbingu ikawa kama jiko lisilo na dohani. Walipoanza kukohoa wakatafuta pa kuutupia moshi, wakaona milima ya watu.

Mvua ikinyesha hushuka na hewa ya ukaa kidogo. Maji hayo huwa na ukali kidogo, hulamba mwamba, mwamba huyeyuka polepole, na ile hewa hufungwa humo humo. Hiyo ni kazi ya Mungu tangu dunia iumbwe, ila Mungu hana haraka. Kampuni ilikuwa nayo. Wakasaga mawe meusi ya volkano yakawa unga, wakaunyunyiza mashambani kwa ndege zisizo na rubani, na ndani ya unga wakatia vijidudu vya kufugwa ambavyo kazi yao ni moja tu: kushika ile hewa, kuichanganya na unga, na kutema chokaa. Ukikwangua chokaa hiyo kwa jembe, siku mbili baadaye imejiziba tena, kama kidonda cha mtoto.

Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri, tuseme kweli. Mahindi yalinenepa kwa ule unga. Kisha unga ukasombwa na mvua ukaingia ndiva, ukatulia chini, na sakafu ikaanza kuwa jiwe.

Na hapa Irondo walikosea, kosa ambalo asiye na ndiva hawezi kulikosea. Ndiva huvuja. Kila mwaka hupigwa pembe ya msaragambo, kijiji kizima hutoka na majembe, huzoa tope, hukanyaga udongo mpya. Bi Nakiete tangu akiwa msichana ndiye aliyetumwa kutembea sakafuni peku, kwa sababu nyayo zake zilijua mahali ambapo ndiva inanyonya. Hapo ndipo udongo ulipokandikwa. Watu wamepigana, wameachana, wamelogana kwa ajili ya ule uvujaji. Basi siku walipogundua kwamba ndiva haivuji hata tone, walichinja ng'ombe. Bi Nakiete mwenyewe alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Hakuna aliyeuliza yale maji yaliyokuwa yakivuja miaka yote hiyo yalikuwa yakienda wapi.

Yalikuwa yakienda Makoreni.

Aliyeleta habari hapo mwanzo alikuwa wifi yake, Nambike, dada wa marehemu mumewe, aliyeolewa huko huko kwao, kule chini. Siku ya pili baada ya ile safari ya mjini alipanda tena mlima saa mbili nzima na ndoo tupu kichwani, akamkuta Bi Nakiete ameketi ukingoni mwa ndiva.

"Mchoyo wewe!" alisema hata kabla ya salamu. "Hivi kaka yangu alioa mke au alioa kizibo?"

"Alioa kizibo, maana ukoo wenu wote mlikuwa mnavuja maneno. Karibu, wifi. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitakusamehe." Akakaa. "Umefika kwenye madirisha yao?"

"Yote manne."

"Wamesemaje?"

"Kwamba umekauka kwa hiari yako."

Nambike hakucheka. Alieleza kwamba wanawake wa Makoreni wanachimba kwenye mchanga wa chemchemi kwa sahani, wanapata maji ya kujaza kikombe kwa saa moja, na mbuzi wanasimama pembeni wanawatazama kama wadai. Jana watu wa kampuni walikuja na ramani. Wamewapimia viwanja huko tambarare, kwenye joto la mkonge. Malori yanakuja mwisho wa mwezi. "Wametuandika watu waliokosa maji kwa sababu za kiasili," alisema. "Kiasili! Makaburi ya wazazi wangu yako pale, na mumeo alizikwa pale kwa ombi lake. Atabaki na nani?"

Bi Nakiete akamkaribisha kinywaji. Alikuwa na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, alichokisahau wiki tatu kwenye kivuli. Nambike alionja, akakunja uso, akaimwaga yote juu ya ule ukoko mweupe ukingoni.

"Siki hii! Hata pombe hujui kupika!"

Jiwe likafoka. Likatoa povu, likachemka kama mafuta yaliyodondokewa na maji, na vipovu vikapasuka *pss, pss* mbele ya wale wanawake wawili waliokodoa macho. Povu lilipotulia, pale palipokuwa na ukoko pakabaki tope. Kesho yake tope lilikuwa bado tope. Siku ya tatu pia. Vijidudu havikujenga tena. Uchachu ulikuwa umeviua.

"Wifi," alisema Bi Nakiete akiligusa kwa kidole, "limecheua."

*

Kampuni ilijua habari za uchachu. Ndiyo maana kwenye mkataba wake na vijiji kulikuwa na katazo: pasiletwe ndimu, ukwaju, siki wala maziwa mgando ndani ya hatua mia moja za jiwe. Watu wa Irondo walidhani ni wazimu wa Wazungu, wakawa wanakula maembe mabichi kwa kujificha nyuma ya choo, kama watoto wanaovuta sigara.

Lakini katazo lilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Nanzia, binti wa Bi Nakiete, aliyeolewa pwani, nyuma ya ukuta wa bahari.

Bi Nakiete alimpigia simu mchana huo huo. Alimweleza yote. Nyuma ya pumzi za Nanzia mama alisikia nyundo: watu wakiongeza ukuta.

"Mama, ile inayotoka kwenye povu unajua ni nini?"

"Ni moshi wao."

"Ni moshi wao, ndiyo. Lakini ukitoka haurudi kwao. Unakwenda juu, dunia inapata joto, bahari inavimba, halafu inakuja kwangu. Mwezi uliopita maji yalifika kwenye komeo la mlango. Komeo, mama. Nililala na watoto juu ya kabati."

"Ndiva ni moja tu, mwanangu."

"Milima hiyo ina ndiva mia tisa. Mkianza ninyi wataanza wote, na kila mmoja atakuwa na shangazi yake Makoreni. Mama, usimwage."

Bi Nakiete alikata simu, akakaa. Akili yake haikwenda kwenye machozi, ilikwenda kwenye hasira, kwa sababu hasira alikuwa anaijua njia yake. Hakuna hata mmoja katika ukoo wake aliyewahi kumiliki kitu cha kutoa moshi kikubwa kuliko kibatari. Nanzia hakuichafua mbingu. Nambike hakuichafua. Waliochafua wamekaa huko kwenye ubaridi wa mashine, wamekula wameshiba, masufuria yao wameyarundika uani kwake, na sasa binti yake na wifi yake ndio wagombanie nani aoshe! Na mtu akiuliza, anaoneshwa dirisha.

Lakini hasira haikumpa maji, wala haikuondoa bahari mlangoni. Alizunguka ndiva mara tatu. Akimwaga, anamwibia mwanawe. Asipomwaga, anawaua Makoreni, na atakuwa amewaua kwa mkono wa kampuni, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Mwishowe aliamua hivi: sakafu nzima hataigusa. Atafungua pale tu ambapo nyayo zake zilikumbuka. Matundu matatu, kila moja la upana wa ungo. Atamwaga mchana, mbele ya watu, na kila kibuyu kitahesabiwa. Mwizi huiba gizani. Yeye alitaka ijulikane.

*

Pembe ya msaragambo ililia Jumamosi asubuhi. Irondo ikatoka, Makoreni ikapanda, kila mwanamke na kibuyu chake cha dengelua iliyochacha. Bi Nakiete aling'oa kizibo, ndiva ikashuka mpaka sakafu nyeupe ikaonekana, inang'aa kama bakuli la mkwe.

Mkaguzi wa pumzi, yaani ile hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, aliwakuta wamepanga foleni. Aliitwa Eliesikia, mwana wa Irondo, aliyesomeshwa na kampuni mpaka ng'ambo akarudi na miwani. Kipimo chake kilikuwa shingoni, kama kengele ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi. Naomba msimame. Kuna katazo."

"Marahaba, baba. Tusomee."

Akasoma. Ndimu, ukwaju, siki, maziwa mgando.

"Dengelua imo?"

Eliesikia alitazama karatasi, akaigeuza. "Haimo. Lakini bibi, imechacha. Ni siki hiyo."

"Siki inauzwa dukani kwenye chupa. Hii ni pombe yangu niliyoiharibu. Mwulize wifi yangu kama najua kupika."

"Hajui!" alipaza sauti Nambike. "Tangu aolewe!"

Watu wakacheka, na Eliesikia naye nusura, ila akajizuia. "Nitalazimika kukushtaki. Unairudisha hewani hewa iliyokamatwa kwa shida."

"Kwa shida ya nani?" Bi Nakiete alimsogelea mpaka kipimo kikamgusa kidevu. "Ndege zako za unga zinanyweshwa nini, maziwa? Mashine za kusagia mawe zinaendeshwa kwa sala? Umepima kila kitu, mjukuu wangu. Jiwe umelipima, hewa umeipima, vijidudu vyako unavijua kwa majina. Nambike umempima? Weka kipimo chako hapa kooni kwake, kisome!"

Kipimo cha Eliesikia kilikuwa hakina sehemu ya koo.

"Nishtaki," aliendelea Bi Nakiete, sasa kwa upole, na upole wake ulitisha zaidi. "Nitakuja na kanga safi. Ila simama hapa uhesabu. Nina mtoto pwani, nitamjibu. Sitaki hesabu ya kukisia."

Akavua viatu, akashuka. Alitembea kwenye lile jiwe taratibu, macho amefumba, akasimama. "Hapa." Akatembea tena. "Hapa." La tatu lilimchukua muda mrefu, maana jiwe halinyonyi na miguu yake ilikuwa inakumbuka kitu kilichozikwa miaka mitatu. Kisha wakaanza kumwaga.

Jiwe lilicheua mpaka saa sita. Povu lilipanda magotini, kipimo cha Eliesikia kikapiga kelele kama kifaranga, naye akaandika, akaandika, kalamu ikakauka akaazima nyingine. Vibuyu arobaini na moja. Baada ya hapo udongo mweusi ulionekana kwenye matundu matatu, na katika la pili kulikuwa na nyungunyungu mmoja mwembamba, amejikunja, anashangaa jua.

Nambike alikuwa na kibuyu kimoja kimebaki. "Tumalizie, wifi. Tundu la nne. La akiba."

"Hapana."

"Kibuyu kimoja tu!"

"Nimesema matatu. Hicho kanywe mwenyewe."

Wakarudisha kizibo, wakafungulia kijito, ndiva ikaanza kujaa.

*

Maji hayana miguu ya haraka ndani ya mlima. Siku ya nne, hakuna. Siku ya nane, hakuna, na malori mawili ya kampuni yakawa yameegeshwa kabisa Makoreni, dereva mmoja ametundika shati lake kwenye msalaba wa kaburi. Bi Nakiete aliposhuka na kuona hilo shati, alilitupa kwenye miiba.

Siku ya kumi na mbili, kabla ya adhuhuri, mchanga wa chemchemi uligeuka rangi. Nambike alikuwa ndani ya shimo na sahani yake. Alichota mchanga, shimo likajaa. Akachota tena, likajaa. Akaitupa sahani, akazamisha mikono miwili mpaka kwenye viwiko, akanywa kama ndama.

Eliesikia alikuwepo, alileta karatasi ya mashtaka. Aliiweka chini, akaweka jiwe juu isipeperuke, akachukua chupa yake ndogo, akateka maji, akayapima. Akapima mara ya pili. Akavua miwani.

"Bibi, ile hewa."

"Ina nini?"

"Haikupanda yote. Nilihesabu imepotea yote, lakini karibu nusu imo humu. Maji yameilamba chokaa yakashuka nayo. Yanaibeba. Yataifikisha mtoni, na mto utaifikisha baharini. Huko kome na chaza wataijengea nyumba zao." Alitazama juu mlimani, akatazama maji. "Jiwe lilipoziba, hata njia hii ilizibwa. Sisi wenyewe ndio tulioiziba."

"Na hiyo inaandikwa dirisha gani?"

Eliesikia alichukua ile karatasi ya mashtaka, akampa. Aliitoa kwa mikono miwili, na Bi Nakiete akaipokea kwa mikono miwili, maana desturi ni desturi hata kwenye kesi. Kisha Eliesikia akakaa kwenye mchanga, akaanza kuandika nyuma ya daftari lake, pasipo na mistari ya kampuni.

Makoreni ilikuwa imelipuka kwa vigelegele. Dereva wa lori alikuwa anaosha uso. Nambike alitoka shimoni, maji yanamchuruzika kidevuni, akamshika wifi yake mabega.

"Piga kigelegele, mchawi wee! Umekuwa bubu?"

"Subiri," alisema Bi Nakiete. "Nina simu ya kupiga kwanza."

Akapanda kidogo juu ya mwamba, mahali penye mtandao. Nanzia alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi siku zote kumi na mbili.

"Ulimwaga."

"Nilimwaga."

"Yametoka?"

"Yametoka sasa hivi."

"Shangazi amekunywa?"

"Amekunywa mpaka amekuwa na adabu."

Nyuma ya sauti ya binti yake nyundo ziligonga, zikanyamaza, zikagonga tena. Bi Nakiete alitafuta neno la kuanzia.

"Usiniambie samahani, mama," alisema Nanzia. "Samahani siwezi kuijengea ukuta. Niambie kiasi."

Bi Nakiete akamwambia: matundu matatu, upana wa ungo, iliyopanda juu ni hii, iliyoshuka na maji ni hii, na vibuyu arobaini na moja, hakupunguza hata kimoja.